Picha Iliyoitwa Mama

Kache binti Baya alikuwa na ugonjwa wa kuota mchana. Simsengenyi. Nilifanya naye kazi miaka mitatu katika chumba cha ghorofani pale mtaa wa Ndia Kuu, mimi kwenye fotokopi, yeye kwenye kompyuta, na mara nyingi chai yake niliinywa mimi kabla hajakumbuka kuwa anayo.

Mwaka wa tisini na nane alitengeneza ukurasa wa mtandao ambapo mtu aliweza kuweka picha, na jamaa yake wa ng'ambo akaifungua huko huko. Laini ya simu ilikuwa goigoi, picha moja ikichukua nusu saa kupanda. Kache alikuwa akikaa mkono shavuni, macho kwenye dirisha lililofunguliwa nusu, ambako harufu ya ubani wa jirani ilikuwa ikiingia bila kubisha. Nilimuuliza anawaza nini.

"Nawaona wakipita kwenye waya," akanambia. "Wamevaa nguo za Idi."

Kompyuta iliihifadhi kila picha kwa jina lililoandikwa na aliyeileta. Kulsumbai, muuza vitambaa, alipoleta picha ya marehemu mamake aliandika "mama", kwa kuwa huku kwetu mtu hamtaji mamake kwa jina. Dada yake aliyeko Toronto aliifungua mara moja, akalia, akaifunga. Disketi iliyobeba nakala ya picha tuliifuta kama desturi, tupate kuitumia tena.

Miezi ikapita. Alasiri moja ya joto Kache alishikwa na hamu ya mamake aliyeko Kaloleni, akaipandisha picha yake yeye pia, apate tu kumwona akipita kwenye waya.

Masika ya mwaka uliofuata, paa la Kulsumbai lilivuja, na picha ya mamake iliyokuwa ukutani ikagandana na kioo chake. Alikuja kwetu bila haraka. Mamake alifariki yeye akiwa na mwaka mmoja na nusu. Sura aliyoijua ni ile ya karatasi, basi.

"Kache mwanangu, ile ya ukutani imeoza. Nifungulie iliyoko kwako."

Picha zilikuwa zikishuka mstari kwa mstari, kutoka juu. Kulsumbai alivuta kiti, akingojea nywele zilizogawanywa katikati. Kilichoshuka ni ukingo wa leso nyekundu iliyofungwa kichwani. Kache aliijua leso ile kabla macho hayajafika, nami nikamwona akiuweka mkono kifuani.

"Huyu nani?"

"Ni mamangu," Kache akasema. "Nami niliandika 'mama'. Kompyuta imeweka wangu mahali pa wako, na wako amefutika. Nisamehe."

Mimi nilikasirika, na niliikasirikia ile mashine, ambayo haikuwa na adabu hata ya kuuliza. Kulsumbai hakukasirika. Aliitazama ile sura mpaka ikafika kidevuni.

"Ana macho mazuri," akasema, kisha akayafuta yake.

Wiki ile Kache hakuota. Aliurekebisha ukurasa, kila kinachopandishwa kipewe nambari yake peke yake, hata watu mia wakiandika "mama". Kisha akamwita Kulsumbai, akamwomba amweleze mamake, naye ataandika.

Ilichukua alasiri nzima. Nywele katikati. Kipini. Nyusi zilizokaribia kukutana. Kovu dogo kwenye shavu la kulia. Kulsumbai alisema akiwa amefumba macho, sauti ikishuka polepole, na nje hata wauza kahawa walikuwa kama wamenyamaza. Maneno hayo ndiyo yaliyopewa nambari moja, na dada yake wa Toronto akaambiwa ayafungue.

Siku ya tatu dada yake akajibu kutoka Toronto, naye Kache akasoma: "Yote sawa, ila kovu lilikuwa shavu la kushoto. Nilikuwa na miaka minane, nikilibusu kila nikienda chuoni kusoma Kurani."

Kulsumbai aliinuka. Akasimama uso kwa uso na Kache, akanyoosha kidole kwenye shavu la binti huyo lililokuwa upande wa kulia wa Kulsumbai mwenyewe, na kidole kikagusa shavu la kushoto la Kache.

"Kumbe mimi nilikuwa nikiitazama picha," akasema taratibu. "Yeye alimtazama mama."

Akaketi tena, akauweka mkoba wake chini.

"Mwandikie, mwanangu. Mwambie aanze upya, yeye. Aniandikie yote."