Upande wa Pili wa Kanda ya Senahid

Kwa jina la Mola aliyeumba sikio ili sauti ipate makao, na kwa kumwombea rehema kila aliyekwisha kunyamaza, habari hii inaanza. Watajwe wahusika kwa utangulizi wao: marehemu Rusmir, mwimbaji, Behija, mjane wake, Bato, mpiga ngoma, na wa mwisho, mwenye habari, Senahid Kulašin, mpiga gitaa wa bendi ya roki iitwayo Kutu, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja.

Saa tatu asubuhi, moshi wa kiwanda cha chuma umetanda juu ya mji wa Zenica. Senahid yumo chini ya ghorofa anamokaa, katika chumba kilichokuwa cha kufulia nguo, anafunga nyaya mpya kwenye gitaa la mteja. Vidole vinafanya kazi. Macho yako mlangoni.

"Leo Behija anakuja kuisikiliza kanda," anamwambia Bato. "Nimemwambia mara nne kwamba mashine ni mbovu. Mashine haina ubovu. Mbovu ni mimi."

Kutu ilianzishwa mwaka 1983 na vijana watatu wa kiwandani. Ilijaza kumbi, ikatoa santuri mbili. Kisha vita vikaja, na kumbi zikageuka maghala. Tangu hapo Senahid hula kwa kutengeneza vipaza sauti na kupiga gitaa harusini, marka themanini kwa harusi moja, akiombwa nyimbo asizozipenda.

Roho yake ilikuwa kwingine. Kando ya bendi, yeye na Rusmir walitunga nyimbo za taratibu, wakazirekodi humu humu chumbani, katika kanda arobaini na moja.

"Uji wa wagonjwa," anacheka Bato, aliyeketi juu ya spika iliyopasuka. "Nyimbo zile ukimpigia ng'ombe, analala kabla hujamkamua."

"Nyamaza, bwana wee. Wewe ngoma yenyewe wapiga kama unayefukuza paka."

Kicheko kinakatika. Behija ameingia, mkononi kahawa ya kusaga na boksi la sukari, kama aendaye kuhani. Utadhani aliyefiwa ni Senahid.

"Mwezi ujao Rusmir anatimiza mwaka tangu afe, shemeji," anasema akikaa. "Redio inamjua anapofoka tu. Ile sauti aliyosema nami nyumbani miaka thelathini imo kwenye kanda yako, si kwingine. Niwekee."

Kanda imeandikwa jina la Behija, kwa mwandiko wa marehemu. Senahid anaiweka. Gitaa linaanza, pole, kama mtu avukaye chumba chenye mtoto aliyelala. Kisha, pale sauti inapopaswa kuingia, yatoka mabwabwajo: maneno na ngoma vinakwenda kinyumenyume.

"Ndiye huyu?" anauliza Behija.

Senahid anazima. Mashine yake, anaeleza bila kuinua kichwa, hugawa utepe njia nne, na zote huelekea upande mmoja. Kanda ya namna hiyo haina upande wa pili. Lakini majira ya baridi ya mwaka walioirekodi kanda zilikuwa adimu, na siku ya mazoezi yeye mwenyewe, fundi anayefunza wengine, aliona upande mtupu. Akaigeuza, akaitia kwenye redio ya kawaida, akabonyeza. Mazoezi ya bendi yakakaa juu ya sauti ya Rusmir, yakaifuta.

"Mkono huu, shemeji. Si wa mwingine."

Bato anainuka, anaigeuza kanda na kuitia kwenye redio kuukuu. Mazoezi yananyooka. Ngoma inakoma, mtu anakohoa, kisha Rusmir mwenyewe anasikika, wazi kama yuko mlangoni: "Senahid! Waya wa tatu umelegea, au masikio umeyaacha kwa mkeo?"

Bato anacheka huku machozi yakimtiririka. Behija anasikiliza mara mbili. Kisha anatikisa kichwa.

"Huyo ni wenu," anasema. "Wangu alikuwa upande ule."

Halaumu. Anachemsha kahawa, anamimina, anamsogezea Senahid kikombe. Kahawa inapoa bila kuguswa.

Behija akishaondoka, Senahid anashusha kanda arobaini zilizobaki. Nyingine huenda zimekufa vivyo hivyo, hajathubutu kuzisikiliza. Anachukua bisibisi ndogo na kuanza kuvunja vimeno viwili vya plastiki mgongoni mwa kila moja, ili mashine yoyote isiweze tena kurekodi juu yake. Ni kazi ya nusu dakika kwa kanda. Laiti angaliifanya tangu mwanzo.

"Siku ya mwaka nitakwenda kwake na gitaa," anasema. "Nitaupiga wimbo ule. Pale pa sauti nitapaacha patupu. Sitamwachia mtu apaimbe."

Mola awarehemu waliotangulia. Na hawa waliobaki, Behija na nyumba yake iliyo kimya, Bato na mzaha wake, Senahid na mkono wake, awape subira ya kukaa na utupu huo bila kuujaza kwa kelele.