Goti la Namba Tano

Nilipokuwa refa nilitembea na kijitabu cha sheria katika mfuko wa shati, nimekifunika kwa nailoni ili mvua ya Nyamira isikifikie. Sikukibeba kwa kuwa nilikuwa nasahau sheria. Nilikibeba ili watu wakione.

Kwa kijitabu hicho nilimwonea kijana mmoja. Nasema nilimwonea, sisemi nilikosea, kwa sababu kukosea kulimalizika katika sekunde moja na yaliyofuata niliyafanya nikiwa nimetulia, nimeketi, na kalamu mkononi. Waliojua tulikuwa wawili tu, na mwenzangu, mzee mmoja mwenye duka, alishahamia ng'ambo kwa wanawe.

Nilifundisha historia katika shule ya kutwa si mbali na Nyamira mjini. Mwanzoni mwa miaka ya tisini sheria za kandanda zilibadilishwa: golikipa akakatazwa kudaka mpira aliorudishiwa na mwenzake kwa mguu. Leo kila mtoto anajua hilo. Wakati ule lilizua ugomvi kila Ijumaa, maana mabeki wetu walikuwa wamezoea kumrudishia kipa mpira siku nzima. Binamu yangu wa Nairobi alinitumia kitabu kipya, na kwa miezi kadhaa nikawa mtu pekee katika tarafa mwenye nacho. Walimu wa michezo walinijia na maswali. Niliwasomea Kiingereza chake kwanza, taratibu, halafu ndipo nikawafafanulia. Nilipenda sana kuona wanavyoninyamazia.

Mwaka huo kulikuwa na kijana wa Kimarekani aliyekuja kujitolea kufundisha hesabu shuleni kwetu. Kiswahili chake alikuwa amekisoma kwa miezi mitatu tu, na ngeli zake zilinyooka kuliko za chumba kizima cha walimu. Sisi tulisema ile mpira imetoka, yeye akasema mpira ule umetoka, nasi tukacheka kana kwamba mkosaji ni yeye. Siku moja kaka yake alimtumia kanda ya video ya mpira wao, ule wa kushikwa kwa mikono na kuvaa kofia ngumu. Deki za kawaida hazikuweza kuicheza kanda ya Marekani, basi tukaipeleka Kisii mjini kwa Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa, ambaye nyuma ya duka alikuwa na mashine iliyocheza kanda za nchi zote. Mhindi huyo ndiye aliyepiga picha za video za harusi nyingi za Kisii na Nyamira, na alitujua kwa nyuso kuliko machifu wetu.

Tulitazama watatu. Marefa walikuwa wengi, wamevaa mashati ya milia, na kila mara mmoja alitupa chini kitambaa cha njano na mchezo ukasimama. Halafu nikaona jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona. Refa mkuu alitoa uamuzi, watu wakalalamika, na kule juu katika chumba fulani mtu mwingine akaanza kuirudisha picha nyuma na kuitazama tena kwenye televisheni. Tukangoja. Baadaye refa akawasha kipaza sauti kiunoni na kuutangazia uwanja mzima kwamba uamuzi wake umebatilishwa.

Nilicheka hadi nikashika meza. "Huyu si refa," nilisema. "Huyu ni karani. Refa gani anaenda kuuliza televisheni?"

Yule Mmarekani hakuudhika. Alinieleza kwamba kitabu cha sheria zao ni kinene mno, kina vifungu ndani ya vifungu, na hakuna jicho la mtu linaloweza kuvifuata vyote kwa wakati mmoja. Ndiyo maana wakatafuta msaada. Hata hivyo, akasema, wenye timu walikuwa wameshaichoka televisheni hiyo na kuiondoa, maana ilichelewesha mchezo na watu waligombana vilevile.

"Umeona!" nikasema.

"Nimeona," akasema. "Lakini mimi nilipenda pale aliposema amekosea."

Nilimjibu kwamba kwetu sheria ya tano inasema uamuzi wa refa kuhusu mchezo ni wa mwisho. Nilitoa kijitabu nikamwonyesha ukurasa.

Muhula wa pili niliitisha mkutano wa manahodha wa shule zote za tarafa, niwafundishe sheria mpya kabla ya fainali. Katika mstari wa nyuma alikaa nahodha wa shule moja ya upande wa Ekerenyo, kijana wa kidato cha nne aliyevaa jezi namba tano, beki wa kati. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye desturi ya kuweka mikono nyuma akizungumza na mkubwa. Kila mtu alijua habari zake. Baba alikuwa amefariki, mama alichuma majanichai, na kiwanda kimoja cha chai kilikuwa kimeahidi kumwajiri ili achezee timu yao. Kilichobaki kilikuwa barua ya tabia njema kutoka kwa kamati ya michezo. Ndiye peke yake aliyeuliza swali.

"Mwalimu, na kama mpira inakuja juu na sina namna, naweza kumpatia kipa na goti?"

"Goti ruksa," nilijibu. "Kichwa ruksa, kifua ruksa. Kilichokatazwa ni mguu kuanzia kifundo kwenda chini."

Aliandika katika daftari. Nilimwona akiandika.

Fainali ilichezwa Ijumaa, kwa kuwa Jumamosi nusu ya wachezaji na robo tatu ya washangiliaji wangekuwa kanisani. Mhindi wa duka alitoa kombe, akaja na kamera yake akaisimamisha upande wa jukwaa. Watu wawili wa kiwanda walikuwepo pia, wamekuja kumtazama namba tano wao. Mpaka dakika za mwisho hakuna aliyekuwa amefunga, na wingu lilikuwa limeshashuka kama ilivyo kawaida yetu saa kumi. Mpira mrefu ukapigwa kuelekea lango la Ekerenyo. Namba tano akarudi mbio, akainua mguu, nikasikia mlio, kipa akadaka. Mbele yangu alikuwa amesimama mshambuliaji mmoja mpana. Kusema kweli sikuona kilichogusa mpira. Nilisikia tu, na nikapuliza filimbi.

Namba tano alikuja kwangu, mikono nyuma.

"Mwalimu, ni goti. Ulisema goti ruksa."

Angesema kwa matusi ningeweza kumsamehe. Alisema kwa adabu, mbele ya wachezaji wote, na aliyasema maneno yangu mwenyewe. Damu ilinipanda. "Wewe ndiye utanifundisha sheria?" nilimwuliza, nikamwonyesha kadi ya njano. Frikiki ikapigwa, mtu wa pili akafunga, mvua ikaanza. Ekerenyo wakashindwa moja kwa bila. Mwalimu wao wa michezo akaandika malalamiko papo hapo chini ya mwavuli, na kamati ikanitaka nilete taarifa ya maandishi Jumatatu.

Jumamosi nilitoroka ibada ya alasiri. Mimi ni Msabato, nimelelewa hivyo, na sabato ile nilikwenda kukaa mbele ya televisheni ya dukani. Nilijiambia nakwenda kupata ushahidi wa kuwanyamazisha. Nilikuwa na uhakika kabisa.

Mwenye duka aliirudisha kanda, akaicheza polepole. Mpira ulishuka, namba tano akainua mguu, na mpira ukamgonga juu kidogo ya soksi, kwenye goti lililo wazi, ukaenda kwa kipa.

"Goti," alisema mwenye duka.

"Rudisha."

Alirudisha. Lilikuwa goti. Nikamwomba mara ya tatu, mara ya nne, na kila mara goti lilikuwa palepale.

"Mwalimu, hii goti kabisa," alisema, kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake pole. "Kesho iko harusi lakini kanda mpya iko. Hii mimi naweka kando, kamati ikuje ione."

Nilijua la kufanya. Lilikuwa dogo mno: kuandika mistari miwili kwamba sikuona vizuri, kwamba kijana hakuvunja sheria. Matokeo yasingebadilika, maana uamuzi ulishapita. Jina lake tu lingekuwa safi. Lakini niliwaona akilini wale walimu wa michezo walioninyamazia wakicheka. Nikatoa kijitabu, nikaanza kukipekua hapo hapo dukani, natafuta mahali pa kujificha.

Nilipapata. Chini ya sheria za makosa, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba mchezaji akitumia hila ya makusudi kumrudishia kipa mpira kwa kichwa, kifua au goti, ili kuikwepa sheria mpya, anaadhibiwa kwa kukosa uungwana. Hila ile ni ya mtu anayeubetua mpira kwa mguu wake hadi kwenye goti lake mwenyewe akiwa na nafasi tele. Kifungu hakikumhusu beki aliyefukuzwa, mwenye mpira unaomwangukia kutoka angani. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Nilijua pia kwamba katika kamati ya watu watano hakuna hata mmoja atakayekisoma Kiingereza kile hadi mwisho.

"Kamati haina haja ya kanda," nilimwambia mwenye duka. "Sheria haiitambui. Usiharibu kanda mpya bure. Harusi ya kesho irekodi juu ya hii."

Aliitoa kanda kwenye mashine. Alikuwa mzee kuliko mimi, na alikuwa ameshanifanyia heshima nyingi.

"Haya," alisema. "Wewe ndiyo refa."

Jumatatu niliwasomea kamati taarifa yangu. Sikuandika neno mguu popote. Niliandika kwamba nahodha alitumia goti kwa hila ya makusudi, nikataja kifungu na ukurasa, na mwenyekiti akasema kwa kweli hawa vijana siku hizi ni wajanja. Uwanjani nilimshtaki kwa kukosea. Katika karatasi nilimfanya mdanganyifu. Alifungiwa mechi za msimu uliobaki na barua ya tabia njema haikuandikwa. Kiwanda kikamchukua beki mwingine.

Yule Mmarekani aliniuliza wiki hiyo kama tunaweza kwenda kuitazama ile kanda. Nilimwambia kuna harusi juu yake. Akafuta ubao uliokuwa hauna kitu. Mwaka uliofuata alirudi kwao, na kwaheri yetu ilikuwa ya kupeana mikono tu.

Niliendelea kuchezesha kwa misimu miwili, halafu nikaacha, nikasingizia magoti. Ndiyo, magoti. Watu walinipa pole nami nikazipokea.

Muongo ulipokuwa unakwisha nilipata barua kutoka Marekani. Aliandika habari za mke na mtoto, na mwishoni, kama utani wetu wa zamani, akaniambia kwamba wameirudisha ile televisheni. Safari hii kocha akiona ameonewa anatupa kitambaa chekundu uwanjani, na refa analazimika kwenda mwenyewe kuchungulia. Kitabu chao kimezidi kunenepa, alisema, na watu wazima wanabishana maana ya kudaka mpira. Hakuandika chochote kuhusu Ekerenyo. Niliikunja barua hiyo mara nyingi hadi ikachanika.

Jumapili moja nikaenda Ekerenyo kumtafuta namba tano. Nilimkuta kwenye kiwanja cha shule ya msingi, chini kidogo ya kituo cha kupimia majanichai, amevaa gamboti, anafunza watoto. Majani ya mama yake sasa aliyachuma yeye. Aliponiona alisimamisha mazoezi, akaja, akaweka mikono nyuma.

"Bwairire, mwalimu," alinisalimu kwa Kigusii. "Umetukumbuka leo."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na nilipofika nikayatapika yote kwa mpigo. Nilimwambia kwamba lilikuwa goti. Nilimwambia kwamba niliona kwenye video mara nne, kwamba nilitafuta kifungu cha kumtia hatiani, kwamba kanda niliifuta kwa kusudi. Nilimwambia hakufanya hila yoyote.

Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akatabasamu, kwa huruma, kama anayemfariji mgonjwa.

"Tiga, mwalimu," alisema, yaani acha. "Usijisumbue juu yangu. Mimi nilifikiria hiyo maneno miaka mingi. Mwanzo nilikuwa na hasira, nikisema ni goti, ni goti. Halafu nikajiuliza, mtu amesoma kitabu yote, ataniwekea uongo ya nini? Nikaona kumbe hila ilikuwa ndani yangu na sikujua. Nikaomba Mungu, ikaisha."

"Haikuwa hila. Nakuapia."

"Unanihurumia tu. Na hiyo kanda haiko." Alisema bila ubaya wowote. "Uamuzi ya refa ni ya mwisho. Si ni wewe ulitufundisha?"

Nyuma yake watoto walikuwa wamechoka kungoja. Mpira ulipigwa juu, ukashuka, na msichana mmoja mdogo akauzuia kwa goti, ukamfikia kipa, kipa akaudaka. Namba tano aligeuka, akapuliza filimbi.

"Hapana!" aliwaambia. "Goti hapana. Hiyo ni kudanganya. Ulizeni huyu mwalimu."

Wote wakanigeukia.