"Eyo" ya Mama Yangu

Mama yangu alilelewa vizuri, na hilo ndilo lililotuponza. Kwetu Kolwezi mtu akizungumza, msikilizaji humwitikia kila anapopumua: "Eyo, tata." Maana yake nakusikia, baba, endelea, sijasinzia. Ni kweli "eyo" ni ndiyo pia, lakini kila aliyekulia mtaani kwetu Dilala anajua tofauti. Mtaalamu wa mipango miji hakukulia Dilala.

Alikuja kutushirikisha. Neno hilo alilipenda mno. Tulikusanywa katika ukumbi wa parokia, tukapewa soda, sucré baridi, na mkate, kisha akatuonyesha ukutani ramani iliyopendeza kuliko mtaa wenyewe. Barabara pana ya malori ya shaba ingepita kwetu na kuleta maendeleo, ambayo sijui kwa nini hupenda kupita juu ya nyumba za watu. Mstari mwekundu ulikuwa umeifunika nyumba ya matofali ambayo baba alimwachia mama, pamoja na jiko la nje lililotulisha sote. Mtaalamu alieleza kwa upole, mama akamwitikia kwa upole. Barabara itapita hapa. Eyo, tata. Nyumba chache zitaondoka. Eyo, tata. Mtapewa mahali pengine pazuri, upande wa Fungurume. Eyo.

Alifunga kompyuta yake uso umemnawiri. Alisema hajawahi kuona wananchi wakiafiki mpango kwa kauli moja namna ile.

Mimi hufundisha somo la uraia, kazi ya kuwaambia watoto wa watu kwamba maoni yao yana uzito. Nikasimama, nikaeleza maana ya "eyo". Mtaalamu alinisikiliza kwa makini, akanishukuru kwa mchango wangu kuhusu utamaduni, akasema ni ushahidi zaidi kwamba tumeshiriki. Nilikaa chini nikimalizia mkate wangu kwa hasira.

Kabla ya mkutano wa pili tulipatana mtaa mzima: asiitike mtu. Tulijiona werevu kweli. Mama aliteseka, maana kumnyima mgeni "eyo" kwake ni kama kumfukuza. Ilibidi azibe mdomo kwa pindo la kitenge. Mtaalamu alimaliza maelezo, akatazama kimya chetu, akatangaza kwamba hakuna pingamizi.

Mkutano uliofuata tulisema "apana", wote, kwa sauti. Huo ndio uliomfurahisha kuliko yote. Wananchi wamechangamka, alisema, ushiriki umekua. Kwa hiyo kuitika ni kukubali, kunyamaza ni kukubali, na kukataa ni kushiriki. Mpaka leo sijui tungesema nini.

Mashine ya kubomoa ilikuja asubuhi. Dereva, mwanamume wa makamo aliyewahi kufanya kazi kwenye mashimo ya mgodi wa Mashamba, alizima injini, akashuka, akavua kofia yake ya chuma na kumsalimu mama.

"Mama, banasema nibomowe nyumba yako. Unakubali?"

Katika mikutano yote ile hakuna aliyemuuliza mama hivyo.

"Apana, mutoto yangu. Sikubali."

"Bon, mama," alisema. Akapanda mashine yake, akairudisha kinyumenyume hadi njiani, akaenda zake.

Siku hiyo mama alipika kama sikukuu, akatusimulia tena na tena, ingawa sote tulikuwepo. Nilimpenda dereva yule kuliko nilivyowahi kumpenda kiongozi yeyote. Kesho yake wakamleta mwingine, ambaye hakuzima injini.

Sasa mama anaishi upande wa Fungurume, mahali pazuri kama tulivyoahidiwa, ukipenda vumbi. Barabara ni nzuri, malori hayasongamani. Nampigia simu kila Jumapili baada ya misa na kumsimulia habari za mtaa. Zamani nisingemaliza sentensi bila kusikia sauti yake ikinisindikiza. Siku hizi haitiki. Nazungumza, nazungumza, upande wa pili kimya, mpaka inabidi niulize kama bado yupo.