Kuku wa Skani

Ayuma alipopata mimba akiwa na miaka arobaini na moja, Shinyalu nzima iligeuka daktari. Yeye ni fundi wa kushona sare za shule, na wateja walikuja kupimwa viuno wakaondoka wamempa ushauri. Mwenzake wa kanisani alimwambia kumpima mtoto akiwa tumboni ni kumjaribu Mungu. Shemeji yake akamwambia apime haraka, "ili kama ni hivyo tena, mjue la kufanya." Hakuna aliyemuuliza yeye anataka nini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini hawa walikuwa wanamtandikia kabisa.

Hiyo "hivyo tena" ina jina. Ni Mitchel, binti yake wa miaka tisa, aliyezaliwa na hali ya Dauni, ile madaktari huita Down syndrome. Mitchel hukunja sare vizuri kuliko mamake, hucheka kanisani wakati wa mahubiri, na akikupenda hakuachi. Alizaliwa pia na tundu moyoni, na hakuna aliyeligundua mpaka midomo ikaanza kugeuka rangi. Ayuma hakutaka kupima ili atoe mimba, wala hakukataa ili asifiwe imani. Alitaka kujua mapema, ili huyu naye akihitaji daktari wa moyo, yeye mama asizungushwe hospitalini akiwa amebeba mtoto anayehema. Alieleza hivyo mpaka akachoka. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Kakamega mjini, mpiga skani aitwaye Cherono alipima maji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto, akapima tena.

"Uwezekano wa Dauni ni mdogo," akasema. "Sijasema haupo. Hii skani inakadiria tu. Moyo tutauangalia vizuri mimba ikikua."

Ayuma alielewa. George, mumewe, alisikia neno "mdogo" peke yake, na kabla hawajafika nyumbani alikuwa ameshampigia mama yake simu.

Jumapili wakitoka kanisani walimkuta mama mkwe amechinja jogoo. Majirani wamejaa sebuleni, obusuma, ugali wa kwao, inatoa moshi mezani. Mama mkwe akainua mikono.

"Asante Mungu, umetukumbuka. Safari hii umetupatia mtoto mzima, umetutoa aibu."

Wote wakaitikia amina. Mitchel, aliyekuwa akizungusha maji ya kunawa, aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Hapo Ayuma akapandwa na mori.

"Mama, Mungu alikuwa ametusahau lini?"

"Mama Mitchel, usianze. Watu wanataka kula."

"Na aibu ni gani? Itaje. Iko hapa, inakunawisha mikono."

Watu wakainamia sahani zao. Mama mkwe akachukua firigisi, ambayo katika boma lile haijawahi kuliwa na mtu mwingine ila mwanamume mwenye nyumba, akamwekea George. Ayuma akaitoa kwenye sahani ya mumewe akampa Mitchel.

"Msichana hakulangi hiyo," mama mkwe akasema.

"Leo anakula."

Mitchel akaing'ata nusu, akatafuna polepole, akafurahi. Kisha akaenda mpaka kwa bibi yake, anayemwita Kukhu, akamtia ile nusu nyingine mkononi.

"Kukhu, kula. Ni tamu."

Mama mkwe hakuwa ameonja firigisi tangu azaliwe. Akabaki ameishika mbele ya majirani wote, na mjukuu wake amesimama pale pale, anamngoja ale.