Salopeti za Mpira na Jina la Sipiriani

Siku ya kwanza niliporipoti kazini, katika ghala la ushirika wetu wa wafugaji wa samaki pale Rubona, kando ya Ziwa Kivu nchini Rwanda, Mkuu wa Ghala alinipa tochi. Akafunga mlango na dirisha, akaniambia niiingize tochi ndani ya suruali kubwa ya mpira iliyoning'inia ukutani. Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani na viatu vya kisigino, maana nilidhani kazi ya ghala ni kalamu na daftari. Nikafanya alivyosema. Katika giza lile nikaona nukta mbili za mwanga karibu na kifundo cha mguu.

"Maji itapitia hapo," akasema. "Karibu ku kazi, mutoto ya Tanzania."

Mimi nilikulia Karagwe, na Kiswahili changu kiliwachekesha sana wenzangu, wengi wao wakiwa wamerudi kutoka Goma, upande wa Kongo. Mkuu wa Ghala naye alikuwa wa huko. Alikuwa mzee mkavu, asiyesifu mtu, na alinifundisha kila ninachokijua. Wafanyakazi waliniita Mama Magazini, yaani mama wa ghala, tangu mwezi ule wa kwanza, na hadi leo nikipita bandarini kuna wanaoniita hivyo.

Vijana wanaosoma haya wataniuliza suruali ya mpira ni ya nini, kwa kuwa wanaoijua Kivu wanajua mitumbwi ya sambaza tu, dagaa wa ziwa lile. Sisi tulikuwa na mabwawa ya vifaranga vya samaki ufukweni, na wanaume waliofanya kazi humo walisimama majini tangu alfajiri hadi jua linapokuwa kali, wakivuta nyavu ndogo na kutenganisha samaki wakubwa na wadogo. Vazi lao lilikuwa salopeti: suruali inayofika kifuani, yenye mikanda ya mabegani, na miguuni imeunganishwa na buti ikawa kitu kimoja. Mtu anayesimama kwenye maji ya baridi bila vazi hilo atamaliza miaka michache, kisha magoti yatamkatalia. Nimewaona wengi wa namna hiyo, na si wazee.

Pesa za ushirika hazikuwahi kutosha. Kwa hiyo kununua salopeti kulikuwa kazi ya akili. Mzee alinikataza kabisa kushika kitambaa na kusema, hii ni nene, hii ni imara. Wauzaji wote wa mjini Gisenyi wanajua mnunuzi anapenda unene, na watakupa unene. "Unene iko inadanganya," alizoea kusema. "Angalia fasi buti inakutana na suruali." Fasi ndiyo mahali, kwa Kiswahili chake. Pale kwenye kiungo kama kuna gundi peke yake, acha. Kama kuna gundi na utepe uliobandikwa ndani, endelea kuangalia. Kisha unanusa. Mpira halisi unanuka tairi jipya, na ukitoboka unapokea kiraka cha tyubu ya baiskeli, tena fundi yeyote wa pikipiki barabarani atakubandikia. Plastiki inang'aa vizuri dukani, lakini kiraka hicho kinabanduka kabla ya wiki kwisha. Ndiyo maana salopeti ya bei ya chini ya mpira wa kawaida, hata ikiwa mbaya kwa sura, inaweza kuishi kuliko ile ya plastiki inayopendeza.

Kulikuwa pia na mitumba. Mara nyingi tulivuka mpaka kwenda Goma, tukachimba kwenye marundo, tukapata salopeti zilizochakaa mikanda tu. Mkanda unashonwa kwa muda mfupi. Tulizipima kwa tochi kwanza, kisha mtu anaivaa akiwa na soksi mbili na anachuchumaa hadi chini. Ikimbana magotini akichuchumaa, itapasuka. Ikiwa kubwa mno, buti litabaki kwenye tope na mtu ataanguka. Na kiunoni, juu ya salopeti, lazima afunge mkanda kwa nguvu, ili akiteleza maji yasijae ndani na kumfanya mzito. Mzee hakumpa mtu salopeti bila mkanda, hata mtu huyo akiwa na haraka namna gani.

Amri yake ya mwisho ilihusu kutunza. Salopeti inaning'inizwa miguu juu, kivulini, na haikunjwi kamwe. Ghala letu lilikuwa na nondo ndefu yenye kulabu kwa kazi hiyo tu. Mzee alipostaafu na kurudi kwao, mimi nikawa Mkuu wa Ghala, na siku aliyonikabidhi funguo alinionyesha ile nondo kwa kidole.

Baadaye akaja Meneja mpya. Alikuwa amerudi kutoka Uganda, kijana wa shati lililonyooshwa, mwenye haraka, na sitamsema vibaya kwa sababu alitaka kila mtu majini apate vazi lake. Kabla yake watu watatu waligawana salopeti mbili. Akaniambia ninunue za kutosha wote kwa pesa zilezile. Nikamweleza kwamba kwa pesa hizo tutapata plastiki tu. Akasema plastiki ni bora kuliko ngozi tupu. Hapo alisema kweli, nami nikanunua maboksi ya plastiki, nikajitahidi kuchagua zenye utepe ndani.

Mwaka huohuo tulianza kuweka magunia ya chakula cha samaki ndani ya ghala, na nafasi ikaisha. Nikaing'oa ile nondo. Zile salopeti mpya nikazikunja mara mbili, nikazifunga kumi kumi kwa kamba, nikazipandisha rafu ya juu kabisa, chini ya mabati. Nilijua nisichotakiwa kufanya. Nilijiambia ni kwa miezi michache.

Sasa niwaeleze kuhusu amashyuza. Hizo ni chemchemi za maji moto zilizo karibu na kazini kwetu, ambako watu huja kutibu mgongo na wengine kuchemsha mayai. Wafanyakazi wetu walipotoka bwawani wakitetemeka, walikuwa na tabia ya kupita huko kabla ya kwenda nyumbani, wakiwa ndani ya salopeti zao. Mwenye salopeti anaweza kusimama karibu na pale maji yanapotoka, mahali ambapo mguu mtupu hauvumilii. Joto linapenya, mtu anapata raha. Lakini gundi ya buti inalainika, na baada ya wiki kadhaa buti linaanza kuachana na suruali. Tulipoteza salopeti nyingi kwa raha hiyo. Meneja akatoa amri: atakayeharibu vazi kwenye amashyuza ataonywa kwa barua, na atakayedanganya kuhusu jambo hilo ataondoka.

Kisha katika mwezi mmoja watu watatu wakaniletea salopeti zinazoingiza maji. Wawili niliwauliza, wakakubali kwamba walikwenda amashyuza, wakaandikiwa barua za onyo, wakapewa nyingine. Wa tatu alikuwa Sipiriani.

Sipiriani alitoka Bugeshi, juu kule chini ya volkano, na alishuka kila wiki akarudi kwa familia yake kila Jumamosi. Alikuwa mtu wa maneno machache na mkaidi kidogo, lakini hakuna aliyejua vifaranga kama yeye. Aliweza kutazama maji tu akakwambia samaki wanakosa hewa. Salopeti yake ilikuwa na miezi miwili tangu niishushe rafuni. Nilimuuliza mbele ya wenzake kama alikwenda kwenye maji moto. Akasema hapana.

"Mi sikuenda, mama. Angalia muzuri fasi imepasuka. Ni ku goti."

Niliangalia. Ilipasuka gotini, mstari mmoja mrefu, na kiungo cha buti kilikuwa kizima. Mtu aliyefundishwa na Mzee yule alipaswa kuelewa palepale. Maji moto huachanisha buti. Goti halina gundi ya kulainika. Lakini wale wawili walikuwa wameshakubali, na mimi nilikuwa nimechoka na magunia na malalamiko, na ukweli ni kwamba sikupenda kusahihishwa mbele ya watu. Nikamwambia wenzake wamesema kweli, na yeye aseme. Akarudia jibu lake. Nikaandika taarifa kwa Meneja kwamba mfanyakazi ameharibu vazi na amekana. Kukana huko ndiko kulikomwondoa.

Alikuja kuaga ghalani, akarudisha mkanda na soksi. Hakugombana. Aliniambia jambo moja: kwamba mama yake mzazi atauliza amefukuzwa kwa nini, na yeye hajui atamjibu nini. Nikasaini kwamba nimepokea vitu.

Yapata mwaka baadaye nilishusha fungu la mwisho la salopeti kutoka rafu ya juu. Zilikuwa mpya, hazijawahi kuvaliwa, kamba nilizofunga kwa mikono yangu bado zimekaza. Kwa mazoea nikafunga mlango na dirisha, nikaingiza tochi. Gotini, pale nilipokunja, mwanga ulitoka kama uzi. Nikachukua ya pili, ya tatu. Zote mstari uleule. Joto la mabati lilikuwa limeikausha plastiki, na mikunjo ikavunjika. Nilikaa juu ya magunia. Mmoja wa wale wawili waliokubali alinikuta pale, nikamuuliza tena kuhusu amashyuza. Akaona haya, akasema hakuwahi kwenda. Alikubali kwa kuwa kukubali kulikuwa na barua tu, na kukataa kulikuwa na mlango.

Ningependa kuwaambia kwamba siku ileile nilikwenda kwa Meneja. Sikwenda. Meneja alikuwa anajiandaa kuhamia kazi nyingine, nami nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu, na niliogopa kupoteza pensheni yangu. Nilirudisha nondo mahali pake, nikanunua mpira badala ya plastiki, nikawa mkali sana kuhusu kukunja. Watu walinisifu. Sherehe yangu ya kustaafu ilikuwa nzuri, na katika hotuba Meneja wa sasa alisema kwamba mkononi mwangu hakuna aliyewahi kuonewa. Nilishikilia soda yangu nikatazama meza. Aibu ile siwezi kuieleza zaidi ya hapo.

Wiki iliyofuata nilipanda gari hadi mwisho wa barabara, kisha pikipiki, kisha nikatembea kwa miguu hadi Bugeshi. Ni nchi ya baridi na viazi. Niliuliza nyumba kwa nyumba. Nilimkuta Sipiriani uani kwake, amezeeka kuliko nilivyotarajia, anapanga viazi kwenye magunia pamoja na mke wake. Alinitambua. Alinyoosha mkono, tukasalimiana, lakini mke wake aliendelea na kazi bila kuinua uso, na hakuna aliyenikaribisha kuketi. Nikasema nikiwa nimesimama uani. Nikamweleza rafu, mabati, kamba, mikunjo, tochi. Nikamwambia alisema kweli, na kwamba mimi nilikuwa na kila sababu ya kulijua hilo siku ileile. Nikamwambia pia nilijua kwa miaka miwili nikanyamaza.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama nilijua kwamba mama yake alishafariki. Sikujua. Akasema alifariki mwaka jana, na mpaka siku ya mwisho alikuwa akimwombea mwanawe aache uongo.

Nikaanza kuomba msamaha, akanizuia kwa kiganja.

"Ngoja, Mama Magazini. Usiombe bado. Watoto iko ku nyumba, na jirani iko hapo chini. Wote walisikia ile ingine, ya kwamba niko muongo. Bon, niwaite, uanze tena."

Wakaja: vijana wake watatu, jirani na mkewe, na bibi mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa majani, akasimama naye. Mke wa Sipiriani aliacha viazi akaja kusimama karibu na mumewe. Nikaanza tena, tangu rafu ya juu. Mara hii nilitaja jina langu kamili na cheo nilichokuwa nacho, na nikasema kwamba aliyedanganya katika jambo lile ni mimi. 

 Nilipomaliza, Sipiriani alikuwa anatazama upande wa makaburi yao, alikozikwa mama yake, na midomo yake ilikuwa inacheza. Mke wake aliingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na kiti. Akakifuta kwa kitenge chake, akakiweka karibu yangu.