Haisi ya Vedasto Haizimwi

Vedasto hakuwa na makuu. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa Ujiji walimwona anajisikia, nami nimechoka kuwasikia. Alikuwa dereva wa Haisi kuukuu, akibeba magunia ya dagaa kutoka Kibirizi hadi sokoni Ujiji, na ukweli ni kwamba gari lake lilikuwa na ugonjwa wa kuwaka. Basi.

Asubuhi, likiwa limepoa, liliwaka bila maneno. Likishapata moto, ukizima umekwisha: unageuza ufunguo, linalia "ka", linanyamaza. Fundi wa kwanza alilaumu betri, Vedasto akanunua betri. Wa pili alibadilisha kaboni za stata, ile mota ya kuwashia injini. Wa tatu alifunga stata nyingine kabisa, akaapa kwamba safari hii limepona. Jioni ile ile, "ka".

Angeweza kuizoea aibu ya kusukumwa, kama si msiba wa Bangwe. Siku hiyo aliwapeleka waombolezaji makaburini, akazima gari kwa heshima ya marehemu, nalo likagoma. Wazee waliotoka kuzika walivua makoti wakasukuma, na lilipowaka likawamwagia moshi mweusi usoni. Tangu hapo Vedasto alijiwekea sheria: akishaondoka kwake Buzebazeba, hazimi mpaka arudi.

Na gari linalounguruma haliachwi peke yake. Ndivyo alivyobaki kwenye kiti. Chai alipewa dirishani, salamu za "Mwakeye" za asubuhi alizijibu dirishani, hata pole za wagonjwa alizitoa kwa sauti ya kushindana na injini. Watu walimkaribisha ndani mara mbili tatu, wakaacha, maana nani atambembeleza mtu mzima? Mkewe alikuwa ameshafariki, na nyumbani hakuna wa kumwuliza habari za kutwa. Alikuwa mpweke, na alijua hivyo, na ilimkera kwamba chanzo chake ni chuma kinachofungwa kwa boliti mbili.

Kilichomuuma zaidi ni Winfrida, dada yake wa Ujiji, ndugu pekee aliyembakia. Zamani walikula sinia moja. Sasa, akishusha mzigo, Vedasto alipita kwake na kusimama barabarani, Winfrida akamletea ugali na migebuka kwenye bakuli lenye mfuniko, wakajuliana hali harakaharaka. Winfrida naye alikuwa na wajukuu na kibanda cha mkaa, asipate nafasi ya kwenda Buzebazeba. Basi kaka mtu alikula peke yake kwenye usukani, akisikia vicheko vya nyumba aliyozaliwa.

Fundi wa nne, Eliakimu, hakuigusa stata. Alisubiri gari lipate moto ligome, kisha akachukua waya wa kubustia, ule wa kuazimia umeme wa gari jingine, akaunga upande mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye injini yenyewe. Akamwambia Vedasto ageuze ufunguo. Likawaka. Waya wa eathi unaounganisha injini na bodi ulikuwa mzima kwa nje, kumbe ndani umeoza kwa kutu, na ukipata joto haupitishi umeme wa kutosha. Waya wenyewe haufiki urefu wa mkono. Eliakimu alifunga mwingine, akazima na kuwasha, akazima na kuwasha, mpaka Vedasto akamwomba aache. Vedasto aliushika ule waya mbovu, akautukana, kisha akacheka mwenyewe.

Siku iliyofuata, mbele ya nyumba ya Winfrida, alizima. Ukimya ulimtisha kidogo. Akashuka, akaanza kuvuka uwanja kuelekea mlangoni.

Winfrida alitoka na bakuli mkononi, akashtuka. Alidhani gari limeharibika, akasema anakwenda kuita watu wasukume. Vedasto akamwambia halina tatizo, amelizima mwenyewe, leo amekuja kukaa.

Dada alikuwa anamtazama miguu.

"Kaka, tangu lini unachechemea?"

Vedasto alisimama katikati ya uwanja.

"Tangu masika ya mwaka juzi," alisema.

Winfrida aliliweka bakuli chini, pale pale kwenye vumbi, akaenda kumshika mkono.