Kadi Arobaini na Moja za Elwood Pruss

Verlin Stachowiak alikuwa mtu wa maneno machache mbele ya watu na maneno mengi mbele ya bahasha. Katika kiwanda cha vioo cha Toledo, Ohio, alikofanya kazi kwa miaka ishirini na tisa, wenzake walimjua kwa mambo mawili: hakuwahi kuchelewa, na hakuwahi kumwambia mtu yeyote "hapana." Ukimpa kipande cha keki asichokipenda, angekila chote, akasifu, na wiki iliyofuata ungemletea kingine kikubwa zaidi. Mkewe, Roz, alikuwa akisema mume wake angekubali hata kunyongwa iwapo mnyongaji angeomba kwa upole.

Zamu yake iliisha saa tisa alasiri. Saa tisa na nusu alikuwa amesimama kando ya sanduku la barua mbele ya nyumba, mikono mfukoni, akijifanya anakagua nyasi.

"Nyasi hazijaota tangu jana, Bwana Verlin," Odessa, mpeleka barua, alimwambia siku moja ya mwezi Machi akishuka kwenye gari lake. "Sema tu unaningoja mimi."

"Nakungoja wewe, dada."

"Muongo. Unangoja hizi." Akampa bahasha tatu nyeupe, ngumu katikati. "Kadi tena. Siku moja nitakuletea barua ya maana, utazimia."

Zilikuwa kadi za besiboli, kila moja na picha ya mchezaji na namba yake, na zilitoka kwa watu ambao Verlin hakuwahi kuwatia machoni: fundi bomba wa Oregon, kasisi wa Tennessee, na Winifred Aldous, mwalimu mstaafu wa Nebraska ambaye alikuwa mkubwa wao wote bila mtu kumchagua. Walijuana kwenye mtandao, kila mmoja na blogu yake. Mtu akiandika orodha ya kadi anazozikosa, wenzake walifungua masanduku yao, wakatafuta, wakatuma. Hakuna aliyeuza. Ukipokea, unapiga picha ya ulichopokea, unashukuru hadharani kwa jina, kisha nawe unatuma kitu kilicho bora kidogo kuliko ulichopewa.

Walikuwa na adabu zao. Kadi huingizwa kwenye kifuko laini, kifuko kikalazwa kati ya kadibodi mbili, na kadibodi zikafungwa kwa utepe wa buluu wa wapaka rangi, ncha yake imekunjwa ili mpokeaji apate pa kushika. Utepe huo hubanduka bila kuacha alama. Aliyetumia selotepu hakukemewa, lakini jina lake lilitajwa kwa sauti ya chini, kama la jamaa aliyeko gerezani. Na adabu kubwa kuliko zote ilikuwa hii: humwambii mtu aliyekutumia zawadi kwamba unayo tayari.

Ni adabu hiyo iliyomponza Verlin.

Alianza kukusanya seti ya mwaka 1974 akiwa na miaka kumi na mmoja. Seti ilikuwa na kadi mia sita na sitini, naye alijiapiza kutonunua hata moja dukani baada ya utoto wake. Zote zitoke mikononi mwa watu. Mwezi ule wa Machi, baada ya miaka thelathini na tisa, alikuwa na kadi mia sita hamsini na tisa. Kwenye albamu kulibaki kidirisha kimoja kitupu, namba 421, cha Rusty Hargett, mrushaji mpira mwenye mabega kama mlango wa ghala. Verlin alikuwa akifungua ukurasa ule na kuuangalia kama mtu anavyolipapasa pengo la jino kwa ulimi.

Akaandika orodha yake ya mwisho kwenye blogu. Namba moja tu. Kwa haraka ya furaha, akaandika 412.

Namba 412 alikuwa Elwood Pruss, mdakaji wa akiba wa timu ile ile ya Hargett, mwenye upara na uso wa mtu anayesubiri basi ambalo limeshapita. Verlin alikuwa na kadi hiyo tangu darasa la tano.

Siku nne baadaye Odessa alileta bahasha ya Winifred. Ndani, utepe wa buluu ukiwa umekunjwa ncha kwa ustadi, alikaa Elwood Pruss. "Verlin mpenzi," Winifred aliandika, "nimepekua masanduku kumi na manne. Hatimaye! Hongera kwa kumaliza."

Verlin alikaa mezani jikoni, akawasha kompyuta, akaona kosa lake.

"Mwambie umekosea namba," Roz alisema, akikaanga soseji. "Sentensi moja tu."

"Amepekua masanduku kumi na manne, Roz."

"Basi mwambie kwa sentensi mbili."

Lakini Verlin alishaanza kuandika, na moyo wake mpole ulishika usukani. Aliandika kwamba hii ndiyo kadi aliyokuwa akiihangaikia. Aliandika kwamba seti yake sasa imekamilika. Alipoona ameandika hivyo alishtuka, ila alikuwa ameshabonyeza, na pongezi zilikuwa zikiingia kama mvua ya masika.

Kesho yake akaletewa Elwood Pruss wawili. Keshokutwa watatu. Wenzake wote walikuwa wametuma kabla ya kusoma kwamba Winifred amewatangulia. Kila mmoja alistahili shukrani yake, na huwezi kumshukuru mtu wa sita kwa maneno uliyomwambia wa kwanza. Kwa hiyo Verlin akaandika, "Mtu hawezi kuwa na kina Pruss wengi kupita kiasi."

Maneno hayo yalikuwa petroli juu ya moto. Miongoni mwa wakusanyaji wapo wanaofuata seti, na wapo wanaomfuata mchezaji mmoja, na hao wa pili huheshimiwa kama mahujaji. Habari zikaenea kwamba Stachowiak wa Toledo ni mtu wa Pruss. Kasisi alimtumia Pruss aliyekatika kona. Fundi bomba alimtumia Pruss aliyechapwa upande, kichwa nusu. Mtu wa Alaska ambaye Verlin hakumjua kabisa alimtumia Pruss pamoja na samaki mkavu.

"Huyu mpara ni nani?" Odessa aliuliza mwezi Julai. Bahasha moja ilikuwa na kidirisha cha plastiki na Pruss alikuwa akichungulia. "Ni mjomba wako?"

"Ni mdakaji."

"Alikuwa hodari?"

Verlin alifikiri. "Alikaa benchi vizuri."

Nyumbani alizipanga kwenye meza ya chakula, akahesabu. Arobaini na moja, bila ile ya utotoni. Roz alisimama nyuma yake na sahani ya pierogi za viazi isiyo na pa kuwekwa.

"Bwana wewe," alisema, "nimeishi na wewe miaka ishirini na sita. Nimekula na watu mia sita na hamsini na tisa mezani hapa, sikulalamika. Lakini huyu mmoja mara arobaini na moja ananitazama ninavyotafuna."

"Nitaziweka chini."

"Na Hargett je?"

Hapo ndipo palipomuuma. Mwezi Mei fundi bomba alikuwa ameandika, kwa kupita tu, kwamba ana Hargett 421 wa ziada na anamtafutia mwenye kumhitaji. Verlin alisoma mstari ule mara tano. Kidole chake kilikaa juu ya kibonyezo. Lakini mtu aliyetangaza kumaliza seti ataombaje kadi ya seti ile? Saa mbili baadaye mtu wa Delaware akasema "mimi," na Hargett akaenda zake. Verlin akatoka nje akazikagua kweli nyasi.

Mwezi Septemba ikaja barua isiyo na kadi, imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi yenye mistari, kutoka Iowa.

"Mpendwa Bwana Stachowiak," ilisema. "Binti yangu amenionyesha kwenye kompyuta kwamba kuna mtu Ohio anayenipenda. Nilimwambia asinidanganye, mimi ni mgonjwa wa moyo. Nilicheza michezo hamsini na mitatu. Sikudhani kuna mtu aliyeangalia hata mmoja. Ningependa kujua ni upi uliokufanya unifuate. Namba yangu ya simu iko chini. Wako, E. Pruss."

Verlin aliisoma akiwa amesimama kando ya barabara. Odessa alimwona akibadilika rangi.

"Nilikwambia ikija ya maana utazimia," alisema, akamshika kiwiko.

Kwa siku tatu Verlin hakula vizuri. Angeweza kubuni mchezo. Roz mwenyewe alimshawishi: "Sema ule wa Agosti, mvua ilinyesha. Agosti yoyote mvua hunyesha." Lakini kumdanganya Winifred kuhusu kadi ni jambo moja, kumdanganya mzee kuhusu maisha yake ni jingine. Jumamosi asubuhi alikaa kwenye ngazi za nyuma, akapiga simu, akaeleza yote kwa pumzi moja: namba, Winifred, masanduku kumi na manne, samaki mkavu.

Verlin alisikia saa ya ukutani ikigonga huko Iowa.

"Kwa hiyo hunipendi," sauti ikasema.

"Sikujui, Bwana Pruss. Samahani sana."

"Ulinichukua kwa makosa."

"Ndiyo."

"Kijana, hata timu ilinichukua kwa makosa. Walimtaka binamu yangu." Kisha kikaja kicheko kikavu, kirefu, kilichoishia kwenye kikohozi. "Una ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Mimi sina hata moja. Mto ulifurika mwaka tisini na tatu, ukachukua kila kitu. Nina wajukuu kumi na wawili, na hakuna anayeamini kuwa nilicheza. Wanadhani nimechanganya na mtu kwenye televisheni."

"Nitakutumia zote," Verlin alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Machi kifua chake kikawa chepesi. "Jumatatu."

"Na uliyemtaka hasa ni nani?"

"Rusty Hargett."

"Hargett!" Verlin alilazimika kuisogeza simu mbali na sikio. "Yule mbwa! Misimu miwili alilala begani kwangu ndani ya basi, akakoroma na kunilowesha shati! Na wewe unamtaka *yeye*?"

"Kwa ajili ya seti tu," Verlin alijitetea.

"Waambie wenzako ukweli, kijana. Uongo wa heshima ni kama mbwa wa kuokota. Ukimlisha mara moja, hatoki mlangoni."

Jumatatu Verlin alizifunga kadi arobaini na moja, kila moja kwa utepe wake, akazipeleka posta mwenyewe. Jioni akaandika ukweli kwenye blogu, akafunga kompyuta, akangoja kutengwa.

Walimcheka siku mbili mfululizo. Kasisi alisema atalitumia kosa hilo katika mahubiri, bila kutaja jina ila kwa kutaja mji. Winifred alijibu mwisho, baada ya wiki mbili. "Mwaka 2009 ulituonyesha picha ya ukurasa ule, Verlin, na Pruss alikuwamo, amekaa kwenye kidirisha chake. Nilikumbuka nilipokuwa nimeshatuma. Nikasema ngoja nione mtu huyu anaweza kushukuru mpaka lini. Darasani niliwahi kuwa na watoto kama wewe. Ninaye Hargett, kona zote nne kali kama wembe. Nitamtuma Jumatatu ukisema unamtaka."

Verlin aliandika "Namtaka," akaacha ujumbe ule usubiri, maana alitaka kuusoma tena baada ya kazi kama kuna neno lisilo na adabu.

Siku hiyo alasiri Odessa hakushuka na bahasha. Alishuka na kitu.

"Hiki kimetoka Iowa," alisema. "Sijui ni mzigo au ni majeruhi."

Kilikuwa boksi la nafaka lililozungushiwa selotepu juu, chini, kiunoni na kila pembe. Verlin alikipeleka jikoni kwa mikono miwili. Roz akaleta mkasi, kisha kisu cha mkate, kisha koleo. Dakika ishirini walikwangua na kuvuta, Roz akilaani, Verlin akimsihi asikate katikati.

"Mtu huyu alikuwa mdakaji," Roz alisema akihema. "Naamini. Hakuna kinachomtoka."

Ndani mlikuwa na picha ya wajukuu kumi na wawili, kila mmoja ameshika Elwood Pruss mbele ya kifua. Chini yake palikuwa na kadi moja, imebandikwa kwa selotepu kwenye kipande cha gazeti. Namba 421. Rusty Hargett. Kona zote nne zilikuwa zimeliwa, kuna tundu la pini juu, na mtu alikuwa amemchora kwa kalamu ya wino masharubu, pembe mbili, na mate yakitiririka kidevuni mpaka kwenye jezi.

"Hii tulikuwa tumeitundika juu ya kabati lake chumba cha kubadilishia nguo," Pruss aliandika. "Mate nilichora mimi. Kumbe ilikuwa kwa dada yangu miaka yote, ndiyo maana mto haukuipata. Sijui kama nyinyi watu mnataka zilizo safi. Sina nyingine."

Verlin aliiangalia muda mrefu. Alikuwa mtu aliyewahi kurudisha kadi kwenye sanduku kwa sababu ya kikunjo kisichoonekana bila kioo cha kukuza. Alichukua maji ya vuguvugu na pamba, akaibandua selotepu taratibu, na kipande cha ukubwa wa ukucha cha anga la buluu nyuma ya Hargett kikabaki kwenye selotepu. Alifumba macho. Akafumbua. Akaleta albamu, akafungua ukurasa, akamsukuma Hargett na pembe zake ndani ya kidirisha.

"Umemaliza?" Roz aliuliza.

"Nimemaliza."

"Kwa huyo?"

"Mtazame, Roz. Mate mpaka kwenye jezi."

Roz alitazama, akaanza kucheka, akalazimika kukaa. Verlin aliifungua kompyuta. "Namtaka" bado ilikuwa ikingoja kutumwa kwa Winifred. Akalifuta neno lile, akakaa akikuna kidevu, kisha kwa mara ya kwanza maishani mwake akamkatalia mtu zawadi.

"Hapana, asante, Winifred," aliandika. "Ninayo tayari."